Mwenye boti kaiuza, siku zangu za bahari nizithibitisheje?

Kaka, nimekuelewa: una leseni ya Marekani ya kubeba abiria sita, unataka leseni ya unahodha wa vyombo vya tani 100 karibu na pwani, na boti uliyoitumikia imeuzwa.

Mtafute huyo aliyekuwa mwenye boti leo hii, asaini fomu CG-719S, ile ya Walinzi wa Pwani wa Marekani ya kuthibitisha siku za kazi baharini. Akikosekana, nahodha uliyefanya naye kazi. Kila chombo na fomu yake, siku zikiandikwa mwezi kwa mwezi. Zinatakiwa siku 720 kwa jumla, na siku uliyofanya kazi isiyofika masaa manne haihesabiwi.

Daftari langu la siku za bahari liliwahi kulowa maji ya chumvi, wino wote ukatoka. Siku hizi kila jioni napiga picha ukurasa kabla sijashuka gatini.

Usiongeze hata siku moja, tafadhali: kuwadanganya Walinzi wa Pwani ni jinai. Saini zikigoma kabisa, muone mwanasheria wa mambo ya bahari.