Maswali yenu: gemu za anga, kalenda, na wiki isiyovunjika

Kwenye Stellaris, gemu ya kompyuta ya kujenga himaya angani, kila mwezi una siku 30, hata Februari. Ni uvivu wa watengenezaji?

Si uvivu, ni uhasibu. Gemu inaanza tarehe 1 Januari 2200, na mapato ya himaya yako huingia mwezi hadi mwezi. Miezi ikipishana urefu, kila hesabu ya madini na nishati inavurugika. Makarani wa Mesopotamia walishaligundua hilo zaidi ya miaka 4,000 iliyopita: mwezi wa angani ulikuwa na siku 29 au 30, lakini kwenye hesabu za posho na vibarua waliandika 30 bila kujiumiza kichwa. Ubaya wa mwaka wa siku 360 ni kwamba baada ya miaka 35 hivi kiangazi kinakuwa kimehamia penye baridi. Kwa mkulima hilo ni balaa, ila anayegombania nyota mvua haimhusu.

Europa Universalis IV, gemu ya kompyuta ya kihistoria, inayo tarehe 10 Oktoba 1582. Si Papa aliifuta?

Aliifuta, gemu haikujali. Kalenda ya Julius Caesar ilizidi mwaka wa jua kwa dakika kama 11, na kufikia karne ya 16 dakika hizo zilikuwa zimelimbikizana hadi siku 10. Gregori XIII akazikata zote kwa mpigo: Roma na Hispania walilala Alhamisi tarehe 4 Oktoba, wakaamka Ijumaa tarehe 15. Uingereza ilipofuata mwaka 1752, baada ya Jumatano tarehe 2 Septemba ilikuja Alhamisi tarehe 14. Tazama vizuri: tarehe zimeruka, lakini Ijumaa imefuata Alhamisi na Alhamisi imefuata Jumatano kama kawaida. Naamini hiyo ndiyo siri ya mageuzi haya kudumu. Hawakuigusa wiki.

Ningependa siku moja gemu ituonyeshe pengo lile. Isaac Newton alizaliwa Krismasi ya 1642 kwa hesabu ya Waingereza. Ng'ambo tu, Ufaransa, ilikuwa tayari tarehe 4 Januari 1643.

Hivi ni kweli Waingereza walifanya ghasia wakidai warudishiwe siku zao 11?

Ushahidi wa maana hakuna. Kaulimbiu hiyo imo kwenye mchoro wa William Hogarth wa 1755 unaokejeli uchaguzi, na waliokuja baadaye wakausoma kama taarifa ya habari.

Natunga gemu ya mezani, ya karatasi na dadu, kuhusu himaya ya sayari nyingi. Nitumie kalenda gani?

Kabla hujabuni yako, ichunguze ya Traveller, gemu iliyotoka mwaka 1977. Miezi haihitajiki pale. Siku zinahesabiwa kuanzia 001 hadi 365, kwa hiyo tarehe inaandikwa 187-1105: siku ya 187, mwaka wa 1105 wa himaya. Mwaka mrefu haupo, maana ukiwa na maelfu ya jua utaufuata msimu wa sayari ipi? Siku ya 001 ni sikukuu isiyo ndani ya wiki yoyote, na 364 zinazobaki zinatoa wiki 52 kamili.

Utamu uko kwenye safari. Kuruka kutoka nyota moja hadi nyingine huchukua takriban wiki moja, na hakuna habari inayokwenda kasi kuliko meli. Vita vikizuka siku ya 187 mahali penye miruko minne kutoka ulipo, utasikia siku ya 215 kwa uchache. Siku hizo 28 ndizo za kuwahangaisha wachezaji wako.

Ila siku ile isiyo na wiki ina historia yenye uchungu. Mmarekani Elisabeth Achelis aliipigania kalenda ya namna hiyo kuanzia 1930, ikafika hadi Umoja wa Mataifa, na mwaka 1955 Marekani ikaikataa. Wanaoshika siku ya ibada walishapiga hesabu: ingiza siku moja isiyohesabika, na Jumamosi ya kweli itaitwa Ijumaa, mwaka unaofuata Alhamisi. Basi jiulize ni nani ndani ya himaya yako anayeikataa siku ya 001. Ukimpata, umepata waasi wako.

Vipi miezi 13 ya siku 28?

Kampuni ya Kodak iliitumia kwenye mahesabu yake kuanzia 1928 hadi 1989. Ilitosha kwa daftari. Nje ya daftari inakwama palepale, kwa siku ya 365 isiyo na wiki, na 13 haigawanyiki kwa robo mwaka.

Kwani hakuna serikali iliyowahi kuivunja wiki kwa nguvu?

Zipo. Wanamapinduzi wa Ufaransa walileta wiki ya siku 10 mwaka 1793. Mfanyakazi aliyezoea kupumzika kila siku ya saba akaambiwa asubiri ya kumi. Napoleon akaifuta kalenda yote kuanzia tarehe 1 Januari 1806. Wasovieti mwaka 1929 walikuwa na ujanja zaidi: wiki ya siku tano, kila mfanyakazi na rangi inayoonyesha siku yake ya mapumziko, kiwanda kisizime. Mume wa njano na mke wa kijani walipishana mlangoni. Mwaka 1931 wakajaribu siku sita, mwaka 1940 wakarudi kwenye saba.

Mirihi itakuwa na Jumatatu?

Kwa sasa haina. Wahandisi wa vyombo vilivyoko kule wanahesabu tu sol, yaani siku ya Mirihi ya saa 24, dakika 39 na sekunde 35, tangu chombo kilipotua. Watu wakihamia na wiki yao ya sol saba, baada ya sol kama 36 watakuwa wamepishana na Dunia siku nzima. Mhandisi Thomas Gangale alitoa pendekezo la kalenda ya Mirihi mwaka 1985: miezi 24, mingi ya sol 28, michache ya 27, na wiki inaanza upya kila mwezi unapoanza. Mwezi wa sol 27 unaimeza siku ya saba. Mpelekee pendekezo hilo mtu ambaye siku ya saba ndiyo ya ibada yake, halafu uniandikie alichokujibu.