Lebo ya kebo itaje mahali, si mtu

Kuhusu swali la iwapo kebo za mtandao ziandikwe jina la anayezitumia au namba, ningeshauri namba inayotaja mahali, kwa kuwa watu huhama ofisi ilhali soketi ya ukutani hubaki pale pale. Lebo kama 2A-B14, yaani ghorofa ya 2, chumba A cha mitambo, paneli B (ubao wa matundu ambapo kebo huishia), tundu la 14, inatosha, mradi iwekwe kwenye ncha zote mbili za kebo, kama TIA-606, kiwango cha Marekani cha kuweka lebo kwenye kebo, kinavyotaka, na irudiwe kwenye bamba la soketi. Usiibandike karibu mno na kichwa cha kebo, kwani siku kichwa hicho kitakapokatwa ili kifungwe kipya, lebo itaondoka nacho. Irudishe nyuma sentimita 10 hivi. Rangi husaidia, lakini hazichukui nafasi ya namba (fundi ajaye hutumia rangi aliyonayo). Namba ya tundu la swichi ya mtandao (kifaa kinachounganisha kompyuta), ambayo hubadilika mara kwa mara, iandikwe kwenye lahajedwali tu, na kila anayehamisha kebo airekebishe kabla hajaondoka chumbani.