Fundi, Hayo Bado Ni Matengenezo?

SWALI: Fundi, asalaam alaykum. Nimenunua mashine ya pinboli, ile ya mchezo wa gololi, kwenye hoteli moja ya Kiwengwa iliyokuwa ikiuza vitu vyake. Ni ya kampuni ya Bally, ya mwaka 1979. Fundi wangu ameng'oa betri ya kwenye bodi akaweka kumbukumbu isiyohitaji betri, ameunga vipande vya waya nyuma ya bodi ya koili (zile sumaku za umeme), na sasa anataka kutia taa za LED mashine nzima. Flipa ya kulia, ule mkono wa kupigia gololi, ilikuwa ikikata fyuzi, akatia fyuzi kubwa zaidi, imetulia. Kaka yangu anasema mtu huyu hatengenezi, anaunda mashine nyingine. Nani ana haki?
Msomaji, Mbweni

JIBU: Wa alaykum salaam. Kaka yako ana haki pahala pamoja tu, na sipo anapopafikiria.

Tuanze na betri. Ile ya asili ni ya nikeli na kadimiamu, volti 3.6, imelehemewa juu ya bodi ili mashine isisahau alama za juu ukiizima. Ikizeeka huvuja, na ule uchafu wake hutambaa kwenye njia za shaba, ukala miguu ya soketi mpaka bodi haiwaki tena. Bodi nyingi za Bally za miaka ile zimekufa kifo hicho. Sasa mtu akirudisha betri ile ile pahala pale pale kwa jina la uasili, mimi siiti heshima hiyo. Mashine hizi ziliundwa Chicago zikusanye sarafu miaka michache kisha zitupwe. Nani aliwaza kwamba moja itakuja kuvuta hewa ya chumvi ya Kiwengwa?

Waya za nyuma ya bodi ya koili nazo usizigombee. Kiwanda kiliutoa umeme wa volti 5 kwenye bodi kwa pini, ukazunguka kwenye kiunganishi, ndipo urudi. Pini zikilegea au zikiungua, mashine inajizima katikati ya mchezo na wewe unailaumu bodi isiyo na kosa. Kipande cha waya kinaikata safari ile. Gololi haitajua kama kuna waya umeongezwa, na mchezaji pia.

LED ni suala la macho yako, ila kuna jambo. Zile taa zinazowaka na kuzimika kwa amri ya mchezo zinaendeshwa na thairista, yaani swichi ya kielektroniki, na thairista inataka mkondo fulani ndiyo ibaki wazi. LED inakula kidogo mno, basi inapepesa mpaka uiongezee rezista. Mimi ningetia balbu namba 47: inakula ampia 0.15, wakati namba 44 inakula 0.25. Joto linapungua, na rangi ya kile kioo cha mbele haibanduki upesi.

Sasa hiyo fyuzi. Hapa kaka yako angepiga kelele ningemuunga mkono. Koili ya flipa ina nyuzi mbili: nene ya kuinua kwa nguvu, nyembamba ya kushikilia. Flipa ikifika juu, platini zake, yaani vibati vya swichi yake, zinatakiwa zifunguke, umeme ulazimike kupita kwenye uzi mwembamba pia, upungue. Platini zikigandana, mtoto akishikilia kitufe umeme wote unamiminika kwenye uzi mnene, koili inapata moto, fyuzi inakatika. Fyuzi ilikuwa inasema kweli, akainyamazisha! Ni sawa na kupiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa wa Mji Mkongwe: nje umenyooka, unyevu umefungiwa ndani unaumung'unya.

Muulize fundi wako swali hili hili kwa kila alichobadilisha: ulijua kilichoharibu kabla hujabadilisha? Kwenye betri alijua, na kwenye waya alijua. Kwenye flipa alibahatisha. Chomoa plagi, piga platini tupa laini, zipinde zifunguke mwanya wa kama milimita 2 flipa ikifika mwisho, kisha rudisha fyuzi ya ukubwa ulioandikwa na kiwanda. Ikikatika tena, tazama koili. Na vile vilivyong'olewa usitupe, vitie kwenye mfuko ndani ya kabati la mashine pamoja na karatasi ya mabadiliko yote, fundi atakayekuja baadaye asiapize mtu.

SWALI: Fundi, nami ninayo mashine ya aina hiyo. Swichi za uwanjani, zile zinazoguswa na gololi, nizipige msasa?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Usithubutu. Zile zimepakwa dhahabu nyembamba mno, msasa mmoja imeondoka, na kutu ya kisiwani haikawii. Chukua kadi ngumu, hata ya mwaliko wa harusi iliyokwisha, ilowanishe kwa spiriti kidogo, ibane katikati ya swichi uivute. Tupa ni ya platini za flipa peke yake.