Kabla hujalaumu injini, fungua buti

Mdogo wangu unayeanza teksi mtandao hapa Dar, bosi anataka hesabu yake jioni hata kama umeshinda kwenye foleni ya Mwenge. Cha kwako ni kile ambacho mafuta yamekibakiza.

Mwaka wangu wa kwanza na gari yangu, Toyota IST, nilihangaika na mafundi. Nikabadilisha plagi, nikasafisha nozeli, gari ikazidi kunywa. Mzee mmoja wa gereji pale Ilala hakugusa injini, alifungua buti. Madumu mawili ya maji ya lita 20, mfuko wa saruji wa kilo 50 niliousahau, na spika niliyoringia. Zaidi ya kilo 100. "Huyu abiria wako halipi nauli," akasema.

IST yenyewe ina kama tani moja, kwa hiyo nilikuwa nimeiongezea moja ya kumi. Wahandisi wanakadiria kuwa gari ikipunguzwa uzito kwa asilimia 10, inaokoa mafuta kama asilimia 6 hadi 8. Ndiyo maana Ford, kwenye pikapu yao ya F-150 ya 2015, waliacha bodi ya chuma wakaweka alumini. Sisi wa foleni uzito unatuumiza zaidi: kila ukiondoka unalipia kuusukuma, kila ukikanyaga breki ulicholipia kinageuka joto na kupotea.

Upepo ni habari ya safari ndefu. Mjini kwenye mwendo wa 20 huusikii. Ukishapita Kibaha, mwendo ukitoka 80 kwenda 100, nguvu ya upepo inayokukaba inaongezeka zaidi ya nusu, maana inapanda kwa mraba wa mwendo. Keria tupu juu ya paa inaukusanya huo upepo bure. Ifungue, uirudishe siku ya mzigo. Madirisha funga.

Spesa za kuinua gari nazo zinaingiza upepo mwingi chini ya tumbo. Hapo sikudanganyi, zangu sijatoa. Anayejua barabara za ndani wakati wa masika atanielewa.

Usibahatishe: jaza tenki mpaka pampu ijikate, andika kilomita, ukijaza tena gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia.

Ila spea tairi usiishushe. Mimi niliishusha nikijiona mjanja, nikapata pancha Mlandizi saa nne usiku, na aliyeniazima tairi alichukua nauli yote ya Morogoro.