Kiatu cha Mtoto Yesu

Mwanangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Umeniuliza picha ya Bikira Maria, Mama wa Msaada wa Daima, ya sebuleni kwako huko Tanga ununue ile ya kanvasi wanayokuletea mpaka mlangoni au ya karatasi ya duka la parokia uitie fremu mwenyewe. Mi nakuuliza, kiatu kinaonekana?

Si unanijua, kwangu picha ile yote iko kwenye kiatu. Mtoto kaona malaika, Mikaeli kabeba mkuki na sifongo, Gabrieli msalaba na misumari, kashtuka kakimbilia kwa mama yake kamng'ang'ania mkono, na kwa mbio zile ndara ya mguu mmoja imemvuka inaning'inia. Bila ndara hao ni mama na mtoto wamekwenda studio. Yenyewe iko Roma, kanisa la Mtakatifu Alfonso, imechorwa kwenye ubao, Papa Pio wa Tisa aliwakabidhi mapadre Waredemptoristi 1866 waijulishe dunia nzima, miaka miwili tu kabla mapadre wa Roho Mtakatifu hawajaanza misheni yetu hapa Bagamoyo. Safari yote hiyo ije ikatwe na fundi wa fremu!

Maana yule bwana aliyetutilia fremu picha yetu ya nyumbani, fremu yake ilikuwa fupi, badala ya kusema akachukua wembe akapunguza vidole vitatu chini, na hela ya baba yako akachukua yote. Nimekuja kugundua msumari ushagongwa. Baba yako akasema acha, Mama Maria si yupo. Nikaacha, ila kila rozari macho yangu yako mguuni.

Halafu wewe, darasa la pili, Jumamosi Kuu, ukuta tumetoka kuupaka chokaa, ukachukua mkaa ukapanda stuli ukachora ndara chini ya fremu, pale pale ilipotakiwa kuwa, na kamba yake. Nikakuchapa na mwiko. Baba yako akatoka nje nikadhani kakasirika kumbe anacheka. Na ukuta ulikuwa mpya kweli, chokaa yenyewe ya mkopo, mzazi gani angenyamaza? Lakini mle ndani ni wewe tu uliyeona cha kufanya. Labda ningekugombeza tu. Sijui. Nilifuta na kitambaa kibichi, likabaki doa la kijivu, na nikisali nikawa naliangalia lile doa, sikukwambia.

Kuhusu kanvasi sitaki kusema, nyumba yako, hela yako. Ila zile wanazikunja kwenye mbao na pembeni kote kunakwenda nyuma, sasa we jiulize huko chini kinakwenda nini. Karatasi nayo isigusane na kioo, huko na huku chumvi ya bahari ni ile ile, fundi aweke kadibodi pembezoni itenganishe, la sivyo masika inaganda, siku ukiitoa inachunika na uso. Sichagui, nimesema sichagui.

Kabla hujalipa nipigie picha unitumie, ivute karibu pale mguuni.

Mama yako