Viola mtaipata, kwanza niwaambie kilichotuvunja sisi

Juzi Jumanne nimepata ujumbe wa kijana mmoja wa Njombe. Kaandika hivi: "Shikamoo kaka. Tuko watatu, tuna violini mbili na selo ya kuazima. Viola hatuna. Tunataka tupige kama ninyi mlivyokuwa mnapiga. Tuanzeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Hilo "mlivyokuwa" nimelala nalo siku mbili.

Kwa mliojiunga karibuni: tulikuwa wanne hapa Mbeya. Violini ya kwanza mimi, violini ya pili dada mmoja, kisha viola, ile inayofanana na violini ila kubwa kidogo na ya sauti ya chini zaidi, na selo, lile kubwa la sauti nzito linalopigwa umekaa. Wote tumetokea kwaya, na tulikuwa tunakula kwa kupiga. Jumamosi harusi, katikati ya wiki kufundisha watoto, na kila baada ya miezi miwili mitatu tunaandaa onesho letu wenyewe: Haydn na Mozart, watunzi wa zamani wa Ulaya, na kazi mpya ambazo tuliwaomba walimu wa kwaya wa huku watutungie. Miaka minne. Mwaka wa kwanza nauruka, ulikuwa wa baridi na mazoezi tu.

Watu walikuwa wanatuuliza, huku nani atasikiliza vitu hivyo? Jamani, mtu wa Mbeya kakulia kwenye sauti nne. Wamisionari Wamoravian wamefika Rungwe na nyimbo zao tangu 1891. Bibi wa kiti cha nyuma kule anajua alto imekosea kabla mwalimu hajageuza shingo. Sisi tulikuwa kwaya hiyohiyo, ila iliyonyang'anywa maneno: soprano violini ya kwanza, alto violini ya pili, teno viola, besi selo. Mweleze hivyo tu, anavuta kiti anakaa.

Na kazi mpya msiziogope. Mwalimu mmoja wa kwaya alitutungia kipande kwa do-re-mi, kwa penseli, kwenye daftari la shule, kurasa kumi na moja. Alikijenga juu ya wimbo ambao mama yake alikuwa akiimba wakati wa kuchuma chai. Mpiga viola wetu alikaa wiki nzima anakihamishia kwenye mistari mitano ya noti. Tulimlipa mzee laki mbili na nusu, tukichanga, na hakuna pesa niliyowahi kuitoa kwa raha kama ile. Wala msidhani ni wazimu wetu wa Mbeya. Kundi la Kronos la kule San Francisco, Marekani, wanne kama sisi, limeanza 1973, na hadi leo limeagiza kazi mpya zaidi ya elfu moja. Hata mtunzi Justinian Tamusuza, jirani yetu wa Uganda, kazi yake wameipiga na kuirekodi.

Kwa hiyo wasikilizaji wapo na nyimbo zipo. Kikwazo changu kikubwa nje ya kundi kilikuwa makonda wa Hiace. Selo ikipanda, inalipa nauli. Kuna mmoja aliiuliza inashuka wapi.

Sasa Tukuyu.

Tulikuwa tunapiga Haydn. Huyu bwana ametunga kazi 68 za vyombo hivi vinne, na ndani ya mojawapo ameingiza wimbo wake wa kumwombea Kaisari wa kwao Vienna, ulioimbwa mara ya kwanza 1797. Tuni yake ndiyo wimbo wa taifa wa Wajerumani leo. Sehemu ile ni ya polepole, na ujanja wake ni kwamba wimbo wenyewe haubadiliki. Unarudi mara tano, kila chombo kwa zamu yake. Mara ya kwanza anaushika violini ya kwanza. Mara ya pili anapewa violini ya pili. Viola na selo wananyamaza kabisa, na violini ya kwanza anamzungukia kwa noti ndogondogo za haraka. Mapambo. Kitambaa cha kufuma juu ya kochi. Kisha selo, kisha viola, na mwisho unarudi kwa violini ya kwanza.

Ukumbi umejaa, paa la bati. Tumemaliza zamu ya kwanza, mvua ikashuka, ile mvua ya Tukuyu isiyobisha hodi. Mimi nikaona tunamezwa. Badala ya kumwachia dada nafasi, nikakandamiza upinde. Nikapiga yale mapambo kama vile ndiyo wimbo. Na niseme ukweli, siku ile mkono wangu ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Watu wa mbele walikuwa wananitazama mimi, nami nikawapa. Dada akanitupia jicho mara moja. Akanitupia mara ya pili. Mazoezini alishaniambia, "Kaka, hapo unanifunika," nikacheka, nikamwambia aongeze nguvu. Pale hakuongeza. Aliupiga wimbo wake kwa upole uleule alioandika Haydn mpaka noti ya mwisho, mvua juu yake na mimi juu yake.

Tumemaliza, makofi. Mzee mmoja akaja akanishika mkono kwa mikono miwili, "Ndaga fijo, mwalimu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Halafu akauliza, bila ubaya wowote, "Na huyu dada yeye alikuwa anapiga nini pale? Nimeona mkono unakwenda tu."

Dada alikuwa amesimama hapohapo, anafuta vumbi jeupe la ulimbo kwenye nyuzi zake kwa kipande cha kitenge. Alifuta uzi wa mi, wa la, wa re, wa sol. Akarudia tena wa mi. (Huo ulimbo wa kupaka upinde ni utomvu wa msonobari, na misonobari imejaa Mafinga yote, lakini sisi tunaagiza Dar. Hilo nalo siku nyingine.) Kwenye Hiace alikaa kiti cha nyuma, violini kaipakata. Jumatatu asubuhi akanitumia ujumbe: "Tafuteni mwingine wa kupeperusha mkono."

Hatukumpata. Walikuja wawili wakaondoka, baadaye mpiga selo akapata kazi Dar, kundi likaishia hapo.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla ya viola, kabla ya jina la kundi na fulana, badilishaneni viti. Anayepiga ya kwanza mwezi huu, mwezi ujao apige ya pili. Sisi hatukufanya hivyo hata siku moja, kwa sababu mimi nilikataa. Na pesa gawaneni sawa kwa sawa. Mimi nilikuwa nachukua elfu kumi zaidi kila harusi, naiita posho ya uongozi. Hakuna aliyelalamika, nikadhani wameridhika. Kumbe watu wanne wakikaa kimya si lazima wamekubaliana, nanyi mnaopiga muziki mnapaswa kulijua hilo kuliko wengine! Sikilizaneni. Mkiwa barabarani sikilizaneni, mkiwa mazoezini sikilizaneni. Vijana wa siku hizi kila mtu anataka kamera imwelekee yeye, anapiga huku anaangalia simu imewekwa wapi. Nawajua, maana nilikuwa hivyohivyo kabla hamjanunua hizo simu. Mwenye wimbo aachiwe wimbo wake. Kama mvua inanyesha, simameni, subirini ipite, watu wa Tukuyu hawaikimbii mvua. Mimi dakika kumi tu zilinishinda kungoja.

Dada sasa yuko Iringa, anafundisha, na nasikia ana kundi lake la wanne. Mwezi uliopita walifanya onesho, wakapiga kile kipande cha chai cha yule mwalimu wetu. Sikualikwa. Sawa, haki yake. Ila kile kipande tulikilipia wote wanne, hata kunitajia tu ingetosha. Nimemwandikia kumpongeza, amesoma, hajajibu. Nimeandika tena na kufuta mara tatu.

Haya, viola. Ninayo moja ya kuwaazima, imekaa juu ya kabati tangu mwaka jana. Kigingi cha uzi wa do kinateleza wakati huu wa baridi. Paka chaki kidogo, kisha kikaze huku unakisukuma kwa ndani. Uzi wa la umechakaa, nunueni mwingine. Njoo Jumamosi kabla ya saa nne, na uje na mwenzako anayepiga violini ya pili. Nataka nimsikie yeye kwanza.