Nje Kaungua, Ndani Bado Mbichi

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi na mume wangu tumehamia Dodoma kikazi tukitokea Dar es Salaam, tunaishi Ilazo. Kule Dar nilikuwa nachoma kuku karibu kila mwisho wa wiki na wageni wanasifia. Huku mambo yamegeuka. Jumapili nilinunua kuku wawili wa kienyeji Soko la Majengo, nikawalaza usiku kucha kwenye limao, kitunguu saumu na papai bichi, nikawabandika jikoni kama nilivyozoea. Nusu saa haijaisha, nje wameshakuwa weusi. Paja linatoa damu, kidari kigumu kama kandambili. Mume wangu anasema mkaa wa huku ni mbovu. Nimekosea wapi? – Msomaji, Ilazo

JIBU: Marahaba mwanangu, na karibu Dodoma. Mkaa wa huku msiusingizie. Umebadilisha kuku na umebadilisha mji, lakini moto umeuacha uleule wa Dar.

Tuanze na kuku. Uliyekuwa unamchoma Dar bila shaka alikuwa broila, kuku wa kisasa anayechinjwa akiwa na wiki tano au sita. Nyama yake ni laini, haihitaji kubembelezwa. Huyu wa Majengo ametembea miezi mingi akichakura, analala juu ya mti, anakimbizana na majogoo. Nyama yake ina nyuzi zilizokomaa, na hizo hazilegei kwa moto mkali. Zinalegezwa na maji na muda. Kwa hiyo kuku wa kienyeji, hasa huyu wa kanda yetu ambaye Singida imejijengea jina kwake, achemshwe kwanza ndiyo achomwe. Najua wapo watakaokwambia kumchemsha ni kumpotezea ladha. Ladha haipotei, inaingia kwenye supu, na supu hiyo unainywa wewe.

Mchemshe na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, moto wa wastani, sufuria imefunikwa. Tembe anaweza kukutosha kwa dakika 40 hivi. Jogoo aliyezeeka anakula saa moja na nusu, wakati mwingine zaidi. Huku usiende na saa uliyozoea Dar. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka yakiwa na nyuzi joto 96 hivi badala ya 100. Yanatokota vizuri tu machoni, ila joto lake ni pungufu, hivyo nyama na maharage vyote vinachelewa. Usihesabu dakika, shika uma. Uchome kwenye paja pale palipo pana: ukiingia bila kulazimishwa lakini nyama bado imeng'ang'ania mfupa, mtoe. Ukisubiri hadi iachane na mfupa, itakuangukia yote kwenye makaa.

Papai bichi achana nalo kwa kazi hii. Maji yake yanalainisha pale yanapogusa tu, hayafiki ndani. Ukilaza kuku humo usiku mzima, nyama ya juu inakuwa uji na ya ndani inabaki ilivyo. Limao nalo kwa kiasi, saa moja inatosha. Kinachofaa kulala na kuku usiku kucha ni chumvi, na hapo awe ndani ya friji.

Sasa moto, na hapa ndipo nataka unisikilize hasa. Watu wananiandikia kuhusu viungo: binzari gani, pilipili gani, masala ya duka gani. Kuku wa kuchoma ni moto kwanza, viungo baadaye. Kuanzia mwezi wa sita upepo wa Dodoma unavuma karibu kutwa nzima, na unapepea makaa hata usipoyagusa. Jiko lililokuwa la wastani pale Dar, huku linawaka kwa hasira. Upepo wetu kwa sehemu kubwa ya mwaka unatokea mashariki, kwa hiyo weka jiko nje upande wa magharibi wa nyumba, au simamisha bati la kukinga. Nyasi kavu zifyeke kwanza, cheche za huku hazina mzaha.

Washa mkaa, uache mpaka moto wa kuruka uishe na kila kaa livae majivu ya kijivu. Kisha sogeza makaa yote upande mmoja wa jiko na upande wa pili ubaki mtupu. Hapo una jiko lenye sehemu ya moto na sehemu ya joto. Pima kwa kiganja: kiweke shibiri moja juu ya wavu. Ukishindwa kuvumilia sekunde tatu, bado ni mkali. Ukiweza kufika tano au sita, weka kuku.

Kienyeji wako aliyechemshwa mkaushe kwa kitambaa safi, maana akiwa na maji ngozi haitashika rangi. Mpake mafuta ya alizeti, mweke mahali makaa yanapoishia, mgeuze mara kwa mara. Dakika 15 hadi 20 zinamtosha kwa sababu ndani ameshaiva. Sikiliza pia. Mafuta yakidondoka taratibu na kutoa mlio mdogo uko sawa. Yakilipuka ndimi za moto, mhamishie upande mtupu mpaka zitulie. Usimwagie maji, utamjaza majivu.

Siku ukimrudia broila, hakuna kuchemsha. Mpasue mgongoni, mkandamize kidari kwa kiganja mpaka alale bapa, umweke upande usio na makaa, mapaja yakiuelekea moto. Mfunike kwa sufuria kubwa. Ataiva taratibu kwa dakika 45 au kufika saa moja, halafu mwishoni tu unaisogeza ngozi juu ya makaa ipate rangi. Kama una kipimajoto cha nyama, kichomeke kwenye paja bila kugusa mfupa. Nyuzi joto 74 ameiva. Kama huna, kata kwenye kiungo cha paja uangalie nyama yenyewe na majimaji yanayotoka. Wekundu kidogo karibu na mfupa wa broila usikutishe kama nyama yenyewe imeiva, kwani mifupa yake haijakomaa na uboho huvuja rangi. Ila nyama ikiteleza na kung'aa kama mbichi, irudishe.

SWALI: Mama habari. Nikipaka asali na tomato sosi kuku anakuwa mweusi na mchungu. Nataka ile rojo inayong'aa. – Baba Wawili, Singida mjini

JIBU: Nzuri, Baba Wawili. Vyote viwili vina sukari, na sukari inaungua kabla nyama haijaiva. Paka dakika 10 za mwisho, kuku akiwa upande usio na makaa, mara mbili, nyembamba.

Ila mimi ningekushauri ukwaju, na huko kwenu haukosekani. Uloweke kwenye maji ya moto, ukamue, uchuje. Kaanga kitunguu kwa mafuta ya alizeti mpaka kiwe na rangi ya kahawia, tia kitunguu saumu, nyanya moja iliyosagwa, pilipili, ukwaju, chumvi na kijiko kimoja cha asali. Iache ichemke mpaka ishike mgongoni mwa kijiko. Uchachu wake unakwenda na nyama ya kienyeji kuliko sosi yoyote ya chupa. Na yale majimaji uliyomlazia kuku mbichi usiyapake kwa kuku aliyeiva, labda uyachemshe kwanza. Sahani ya nyama mbichi nayo isirudi mezani kabla ya sabuni.

SWALI: Shikamoo. Kondoa jioni baridi inatuzidi. Naweza kuingiza jiko la mkaa ndani nichomee humo nikifungua dirisha moja?

JIBU: Marahaba. Hapana. Dirisha moja halitoshi, na mawili pia hayatoshi. Mkaa unatoa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi ambayo haina rangi wala harufu. Mtu anahisi kichwa kinamuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na aliyelala anaweza asiamke. Makaa yaliyobaki baada ya kuchoma yana hatari hiyohiyo, kwa hiyo msiyaingize chumbani kuota moto, hata yakionekana yamefifia. Mtu akipata dalili hizo, mtoeni nje haraka na mumpeleke hospitali. Chomea nje nyuma ya ukuta, vaa sweta, kisha kuku aingie ndani kwenye sufuria iliyofunikwa. Makaa yamwagie maji hukohuko nje, uyachanganye kwa kijiti, umwagie tena mpaka yasitoe mvuke.